Dalali na Neno Lake Moja

Kila asubuhi Mama Shuka alianza kazi kwa kumgeuza mume wake.

Alimgeuza upande wa kushoto, akavuta shuka lililolowa, akatandika kavu. Kisha akamgeuza upande wa kulia. Mumewe alikuwa mtu wa miraba minne. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, na kiuno kilimuuma kuanzia asubuhi hadi jioni. Akimaliza kumgeuza alimpaka mafuta mgongoni, ili asipate vidonda vya kulala. Halafu akaloweka shuka kwenye beseni, akaenda kuchemsha uji.

Jina la Mama Shuka alilipata kwa kazi yake. Alikuwa akishona mashuka na kuyauza. Sasa cherehani ilikaa dirishani na vumbi lake. Mashuka aliyobaki nayo yalikuwa ya kufua tu.

Mumewe walimwita Dalali, kwa sababu alikuwa dalali kweli. Aliuza vitu mnadani. Alisimama juu ya meza, akainua kiti au redio, akapaza sauti: "Bado! Bado! Nani anaongeza? Bado hamjakiona vizuri kiti hiki!" Kanisani alisoma masomo, na kipaza sauti kikiharibika hakuna aliyejali. Nyumbani aliongea hadi usingizini. Majirani walimtania kwamba siku akifa atatangaza mazishi yake mwenyewe.

Miezi minne iliyopita kiharusi kilimwangusha pale pale mezani, katikati ya mnada. Hakufa. Lakini mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na maneno yote yakampotea. Likabaki moja.

"Baba watoto, umeshiba?"

"Bado."

"Nikuongeze?"

"Bado."

"Sasa umeshiba au hujashiba?"

"Bado," alisema Dalali, huku akitikisa kichwa kwa hasira na uji ukimtiririka kidevuni.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Watoto wao wawili walikuwa na familia zao, mbali. Walipiga simu, wakasema pole, wakakata.

Mama Shuka alikuwa mtu wa sala. Kwenye pakiti ya dawa muuguzi aliandika "kutwa mara tatu". Mama Shuka akaona na sala iwe hivyo hivyo. Rozari nzima asubuhi, nzima mchana, nzima jioni. Alisali mbio mbio, jicho moja kwenye jiko. Akikosea hesabu alianza upya, maana aliogopa dozi isiyokamilika haiponyi. Alimwomba Mungu jambo moja tu: mume wake aongee.

Mchana mmoja alikuwa amekaa kitandani na rozari yake. Akaanza, "Baba yetu, uliye mbinguni..."

"Jina lako litukuzwe," ikaitika sauti nzito.

Rozari ilimponyoka. Dalali alikuwa ametazama dari, na maneno yanamtoka, moja baada ya jingine, safi kabisa, mpaka Amina.

Mama Shuka alitoka mbio bila viatu. "Majirani! Njooni! Ameongea! Mume wangu amepona!"

Wakaja watu saba. Wakajaa chumbani. Mama Shuka akamshika mumewe mkono. "Haya, wasalimie watu. Sema hamjambo."

Dalali akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Bado," alisema.

Watu wakatazama chini. Jirani mmoja akamgusa bega Mama Shuka. "Pole, mama. Ni uchovu huo. Jaribu kulala kidogo." Wakatoka polepole, na mmoja akafunga mlango kama vile ndani kuna maiti.

Hapo ndipo moyo wa Mama Shuka ulipochacha. Aliinama juu ya kitanda. "Kumbe unaweza! Kwa Mungu unaongea, mimi unaninunia? Miaka ishirini na tisa nimekupikia, nimekufulia, na leo nakusafisha kama mtoto mchanga. Jina langu tu linakushinda?"

"Bado," alisema Dalali, na machozi yakamtoka.

Hakuyajali. Rozari aliitupa kwenye droo ya cherehani. Tangu siku ile hakusali tena. Alimgeuza mumewe bila kusema neno, na mara nyingine alimvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Siku ya kumi alimpigia simu shemeji yake, kaka wa Dalali.

"Shemeji, nimeshindwa. Njoo umchukue ndugu yako."

"Nitakuja Jumapili na gari. Siwezi kumkataa. Lakini nikueleze ukweli. Sisi wote tunashinda kazini. Atalala chumba cha nyuma. Asubuhi tutamwachia maji na mkate, tutamwona jioni."

Mama Shuka alielewa vizuri. Mtu asiyeweza kujigeuza, kutwa nzima peke yake. Alijua mgongo ule utakuwaje baada ya mwezi, na alijua kitakachofuata.

"Sawa," alisema.

Ijumaa asubuhi Kinyozi alibisha hodi. Alikuwa na kibanda chake cha kunyolea watu mwisho wa mtaa. Padri alikuwa amemteua pia kuwapelekea wagonjwa Komunyo siku za Jumapili. Siku nyingine aliwafuata na wembe, akawanyoa bure. Alikuwa na mdomo mwepesi na mkono mwepesi.

"Dalali! Ndevu hizi tukizipeleka mnadani tunapata mnunuzi."

"Bado," alisema Dalali.

"Bado hazijafika bei? Basi tuzipunguze kwanza." Akampaka povu. Kisha akaona begi kando ya mlango, limefungwa tayari. "Nani anasafiri, dada?"

Mama Shuka alimweleza yote palepale, mbele ya mgonjwa, bila kupunguza sauti. Alimweleza kuhusu Baba Yetu, majirani saba na aibu ile. "Anajifanya," alimaliza.

Kinyozi alifuta wembe. "Dada, kila Jumatano nanyoa hospitalini. Kuna mtaalamu pale anayewafundisha kuongea watu waliopigwa na kiharusi. Nimemsikia mara nyingi. Ugonjwa huu unaharibu sehemu ya ubongo inayotafuta maneno. Lakini mambo ya kukariri tangu utoto, kama sala, nyimbo na kuhesabu, mara nyingi yanabaki. Yanatoka yenyewe. Hayatafutwi."

"Mimi siamini."

"Sikiliza basi." Kinyozi akaanza wimbo wa kanisani ambao kila mtu pale mtaani aliujua. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Dalali akaendelea. Mstari wa pili ukatoka, na wa tatu, povu likiwa bado kidevuni.

"Sasa mwambie akuite jina lako," alisema Kinyozi.

Mama Shuka akasogea. "Niite."

Dalali alimtazama. Midomo ikamtetemeka. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, likachanganyika na povu. Mkono wake wa kushoto uligonga kitanda, mara moja, mara mbili. "Ba... ba... bado." Kisha akageuza uso ukutani.

Kinyozi aliuweka wembe chini.

"Umeona?" alisema Kinyozi kwa sauti ya chini. "Hakununii. Anakutafuta na hakupati. Mpe mkono wako, akubane kwa mkono wake wa kushoto. Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Na umpeleke kwa yule mtaalamu. Hatarudi kuwa dalali, sikudanganyi. Lakini kidogo kidogo anaweza kupata maneno mawili matatu."

Mama Shuka alimpa mumewe mkono. "Maji ya kunyolea ni ya moto sana?" Mumewe akabana mara mbili. Hapana. Miezi minne, na hili ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli. Lilikuwapo swali jingine, kubwa zaidi, la lile begi mlangoni, lakini Mama Shuka aliogopa kuliuliza. Akatoka nje kwenye beseni lake.

Kinyozi alimfuata. "Unasali?"

"Nimeacha. Nilisali kutwa mara tatu, sikukosa hata siku moja. Nimepata nini?"

"Kutwa mara tatu? Hiyo ni sala au ni vidonge?"

Mama Shuka hakucheka.

"Usikasirike, dada. Rozari ni nzuri, na Baba Yetu tumefundishwa na Yesu mwenyewe. Umeona inavyokaa ndani ya mtu hata kila kitu kikiondoka. Usiiache. Lakini nikuulize. Umeshamwambia Mungu kwamba umechoka?"

"Mungu haambiwi hivyo."

"Nani kakwambia? Yesu aliomba asinywe kile kikombe. Msalabani alilia kwa sauti kubwa. Unadhani Mungu hajui unavyomvuta huyu bwana asubuhi? Anajua. Anangoja umwambie wewe."

"Nitaanzaje?"

"Kaa. Fanya ishara ya msalaba. Nyamaza kidogo mpaka ukumbuke kwamba yuko pale. Halafu mwambie kilichopo, kwa maneno yako, hata kama ni mabaya. Ukimaliza usikimbilie jikoni. Subiri kidogo, umpe na yeye nafasi. Na kabla ya kuinuka, tafuta kitu kimoja cha siku hiyo cha kumshukuru. Kimoja tu, hata kiwe kidogo."

"Sina furaha ya kushukuru."

"Sijasema ujifanye una furaha. Hata mimi siku nyingine ninachoshukuru ni wembe tu, kwamba umekata vizuri." Kinyozi akachukua mkoba wake. "Jambo la pili, na hili si la kusali, ni la kusema. Jumuiya yetu ya kanisa ina watu ishirini. Ulituambia lini kwamba unamgeuza peke yako?"

Mama Shuka alikamua shuka. Hakumwambia mtu. Aliona aibu.

Mchana ule alikaa kitini karibu na kitanda. Dalali alikuwa amelala, uso wake umenyolewa, amefumba macho. Mama Shuka alifanya ishara ya msalaba. Alinyamaza kwa muda mrefu. Saa ya ukutani ilisikika. Kisha akaanza, na sauti yake ilikuwa ngumu.

"Mungu. Nimechoka. Nachukia harufu ya chumba hiki. Nachukia beseni na kijiko. Juzi nilimvuta mpaka akaguna, nikajifanya sijasikia. Jumapili namtoa hapa, na najua kule atakufa. Najua, na bado nimefunga begi. Nakuogopa kwa sababu hiyo. Nilikuomba umpe maneno, hukumpa. Nimekukasirikia. Namkumbuka mume wangu, na huku yuko hapa mbele yangu. Sitaki aende. Na siwezi peke yangu. Basi. Sijui niseme nini tena. Amina."

"Bado."

Mama Shuka aliruka. Dalali alikuwa macho, na mto ulikuwa umelowa machozi. Alikuwa amesikia yote.

"Bado nini?" aliuliza.

Dalali aliinua mkono wa kushoto. Akaugonga kifuani pake.

Mama Shuka alimtazama mpaka akaelewa. Akaushika mkono ule. "Ni zamu yako? Na wewe unataka kusali?"

Mkono ukabana mara moja.

Miezi minne alisali kwa ajili ya mtu huyu. Hakuwahi kumuuliza kama na yeye ana lake la kumwambia Mungu. Aibu ilimshika, na huruma juu yake.

"Haya, sema," alinong'ona.

"Bado," alianza Dalali. "Bado, bado. Bado bado bado!" Sauti ilipanda kama ya mtu anayegombana. Ikashuka. Ikaomba. Alionyesha mguu wake uliokufa ganzi. Alionyesha begi pale mlangoni, na hapo sauti ikakatika akalia. Kisha akamwonyesha mke wake kwa kidole, akasema "bado" polepole, mara nyingi, kwa upole ambao Mama Shuka hakuwa ameusikia tangu ujana wao. Hakuna neno alilolielewa, lakini alijua anaombewa.

"Amina," alimaliza Dalali, safi kabisa.

Mama Shuka alijifuta uso kwa kona ya shuka. "Bwana wewe! Hata Mungu unamnadia?"

Nusu ya mdomo wa Dalali ilicheka. Mama Shuka naye akacheka, huku analia, mpaka mbavu zikamuuma. Kabla ya kuinuka alikumbuka kutafuta kitu kimoja cha kushukuru. Hakikuhitaji kutafutwa: kicheko kile kilikuwa mbele yake.

Jumamosi alipiga moyo konde, akaenda kwenye jumuiya. Alisimama mbele ya watu, wakiwemo wale saba, akasema, "Naomba msaada. Siwezi kumgeuza peke yangu." Ilimwia vigumu kuliko kufua. Lakini kabla hajakaa, watu wanne walikuwa wamechagua siku zao. Jirani aliyemwambia alale alichukua Jumatatu.

Jumapili shemeji alifika na gari. Alisimama mlangoni, akachungulia ndani.

"Haya, shemeji. Ndugu yangu yuko tayari kuondoka?"

Mama Shuka alifungua mdomo kujibu. Hakuwahi. Kutoka chumbani ilitoka sauti ya mnadani, ile ya zamani, ikajaa nyumba nzima:

"Bado!"

"Umemsikia mwenyewe," alisema Mama Shuka.

Shemeji aliondoka na gari tupu. Kabla ya kuondoka alichukua siku yake: Jumamosi, kila wiki mbili.

Dalali hajapona. Kwa yule mtaalamu amepata maneno mawili: "maji" na "wewe". Mguu hautembei. Mashuka bado yanalowekwa kwenye beseni, na ziko asubuhi ambazo Mama Shuka anaamka akiwa hana nguvu ya kumkabili Mungu wala mumewe. Lakini cherehani inalia tena siku tatu kwa wiki. Rozari imetoka kwenye droo. Wanaisali pamoja, polepole, wala hawaanzi upya wakikosea.

Baada ya rozari Mama Shuka husema yake kwa maneno yake, mazuri na mabaya. Akimaliza, hasemi Amina. Humgeukia mumewe, humpa mkono, humuuliza:

"Bado?"