Mashuka Yangu Ndiyo Yaliyochora Mpaka

Nina miaka arobaini na moja, ni mjane, mama wa mabinti wawili. Naishi kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yangu, Isingiro, wilayani Kyerwa. Asubuhi naenda kuchuma kahawa ya watu. Sikuzaliwa kibarua, ndugu zangu. Nilikuwa na kibanja changu, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na nitawaeleza kilivyoondoka... mbele ya macho ya kijiji kizima.

Niliolewa Karagwe. Mume wangu, Evarist, aliachiwa na baba yake kibanja kizuri: migomba minene, kahawa chini yake, na parachichi nyuma ya jiko. Kaka yake, Projest, alipewa kibanja cha jirani. Katikati baba mkwe alipanda miramura, ile miti myembamba ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka. Mramura ukishapandwa ukoo ukiwepo, hakuna mtu mwenye akili zake anayeugusa. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Kisha wakaja watafiti. Chuo kimoja cha hapa nchini kilikuwa kinashirikiana na vyuo viwili vya Ulaya, wanachunguza mnyauko wa migomba unavyohama kutoka kibanja hadi kibanja. Droni yao ingepaa na kupiga picha nyingi, halafu kompyuta ingeziunganisha ziwe ramani moja ya kijiji. Shida ni kwamba migomba inafunika kila kitu. Ukiwa juu huoni mramura wala njia. Kwa hiyo kila kaya iliambiwa itandaze msalaba wa kitambaa cheupe kwenye kila kona ya kibanja chake, ili kamera ijue kinapoishia.

Mimi nilichaguliwa kuwatafsiria kwa wazee wasiojua Kiswahili vizuri. Nilijisikia, jamani! Watafiti walikula ndizi na maharage nyumbani kwangu. Mratibu wao wa hapa nchini, Bwana Sospeter, alizoea mpaka akawa anajipakulia mwenyewe jikoni.

Shemeji Projest alinitania kwamba sasa nimekuwa Mzungu. Halafu akaniuliza zile alama zinafanyaje kazi. Nilimweleza yote huku nacheka. Kitambaa kikikaa hapa, ramani itasema kibanja kinaishia hapa. Hata vitambaa vya familia yetu nilivikata mimi mwenyewe, kutoka kwenye mashuka yangu meupe ya harusi. Nani angenishauri nisifanye hivyo?

Wiki ya kurusha droni ilipofika, Evarist akafa. Pikipiki yake iligongana na lori kwenye mteremko wa kuelekea Kiruruma. Asubuhi aliondoka amenuna kwa sababu chai haikuwa na sukari... na mchana nikaletewa habari. Mpaka leo sitii sukari kwenye chai.

Kwetu msiba ukiingia, majembe yanawekwa chini. Kijiji hakilimi mpaka matanga yaondoke. Na mjane hatoki. Anakaa ndani, kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, analia na watu wanalia naye. Mimi ni Mlutheri wa kipaimara, lakini jambo hilo nililishika kama lilivyo. Ningeanzaje kutoka nje wakati mume wangu bado hajapoa kaburini?

Sospeter alikuja kutoa pole. Akasema kwa unyenyekevu kwamba kibali chao cha kurusha kinaisha, na wenzao wa Ulaya wana tiketi za kurudi. Wakiahirisha, kijiji chetu kitabaki nje ya ramani. Je, kuna mtu wa familia anayeweza kuniwekea alama?

Projest aliniinamia sikioni. "Mama Koku, wewe mlilie mumeo," alisema. "Kona zako nitazisimamia mimi."

Nilimshika mikono nikamshukuru mbele ya watu. Nikamwelekeza vitambaa vilipo.

Tulikuwa tumeshazika droni ilipopita juu ya bati letu ikivuma kama nyuki. Wanawake walitazama juu, kisha wakaendelea kulia. Nami niliendelea.

Miezi ikapita. Watafiti wakarudi kutuonyesha kazi yao, wakabandika ramani kubwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Nilitafuta nyumbani kwangu kwa kidole. Nikaliona bati letu, nikaliona turubai la bluu la msiba, nikaliona kaburi la Evarist, udongo wake mwekundu bado mbichi. Nililia palepale. Watu wakanipigapiga mgongoni.

Halafu nikaona mashuka yangu.

Misalaba haikuwa kwenye miramura. Ilikuwa chini kabisa, karibu na bonde. Nyumba yangu, kahawa yangu, kaburi la mume wangu... vyote vilikuwa upande wa Projest! Mimi nilikuwa nimeachiwa kipande cha majimaji ambacho hata viazi vinakataa kuota. Nikakimbia nyumbani, nikapita katikati ya migomba mpaka kwenye mpaka. Tangu msiba sikuwa nimefika huko. Miramura haikuwepo. Ilikuwa imeng'olewa pamoja na mizizi yake, na mahali pake pameota maharage.

Projest hakuona haya hata kidogo. Alisema Evarist alikaribishwa tu kujenga, kibanja kilikuwa chake siku zote, na sasa hata picha ya kutoka angani imesema.

Nilimfuata Sospeter. Aliniambia picha ile ni ya utafiti, si hati ya ardhi. Vizuri, nikamwambia, njoo uyaseme hayo mbele ya ukoo. Akatazama viatu vyake. "Dada yangu, mradi huu una washirika wa nchi tatu," alisema. "Hatuwezi kuingia kwenye ugomvi wa familia." Mtu huyohuyo aliyejipakulia kwenye sufuria yangu! Ramani waliichora wao, lakini ilipoanza kuuma, ikawa yetu.

Ukoo ukakaa uani kwa Projest, nakala ya ramani imetandazwa mezani. Mkubwa wa ukoo akasema, "Kamera haina shemeji. Imeona ilichoona."

Niliomba kusogea. Nikawaonyesha mahali palipokuwa mpaka, katika uwazi mwembamba uliofunguka kati ya migomba. Palikuwa na madoa mekundu ya udongo mbichi, yamepangana kwenye mstari, moja baada ya jingine, pale miramura ilipokuwa imesimama. "Wazee, picha hii ilipigwa wakati wa msiba," nilisema. "Turubai hili hapa. Nani alikuwa anachimba kwenye msiba wa mume wangu?"

Kushika jembe kabla ya matanga kuondoka ni kumtukana marehemu, na kila mzee pale alilijua hilo. Projest alilamba midomo. Kwa mara ya kwanza tangu kifo cha Evarist, moyo wangu ulitulia.

Ndipo mama mkwe akainuka kwa fimbo yake. Mama niliyemwogesha kwa mikono yangu tangu mguu wake ulipoharibika. Akasema mashimo yale aliyaruhusu yeye, yalikuwa ya kutafuta mahali pasipo mawe pa kumlaza mwanawe.

Mashimo yote yale? Kwa mstari ulionyooka? Hakuna aliyeuliza. Nani angembishia mama juu ya kaburi la mtoto wake? Ukoo ukamwachia Projest kibanja.

Watu walipotawanyika nilimpigia magoti. "Shikamoo, mama. Nimekukosea nini?"

"Marahaba," aliitikia vizuri tu. "Mkamwana, wewe ulituzalia wasichana. Wataolewa, na waume zao watakuja kulima juu ya kaburi la mwanangu. Projest ana wavulana."

Kisha akaniomba nimsaidie kushuka ngazi, mguu unamuuma. Nikamshika mkono nikamshusha. Nilikuwa mjinga kiasi gani?

Baadaye, nikiwa nimeshahamia kwa kaka yangu na mabinti zangu, Sospeter alinitumia ujumbe kwamba ramani ya kijiji chetu imeonyeshwa kwenye mkutano mkubwa Ulaya, na jina langu limetajwa kwenye shukrani. Aliambatanisha picha. Binti yangu Koku aliikuza kwenye simu, akaniuliza, "Mama, wewe uko wapi hapa?" Nikamwambia sionekani, nilikuwa ndani.

Majuzi mama mkwe ameleta habari. Mguu umeoza, mke wa Projest hataki kumgusa, na yeye anataka mimi niende. Mchungaji amenisihi. Nimemsikiliza mpaka mwisho, nikamwaga maji niliyokuwa nanawia, nikaingia ndani. Siendi. Mniite mnavyotaka.

Wajane wenzangu, na ninyi mtakaokuwa wajane kesho, nawasihi. Siku wakija watu wa kupima, wawe wa serikali, wa chuo au wa ng'ambo, usimtume mtu kwenye kona yako, hata kama mumeo bado yuko kwenye jeneza. Jifunge khanga, toka nje na machozi yako, ukasimame kwenye mpaka mpaka wamalize. Watakusema kwamba hukumpenda marehemu. Mimi walinisifu sana kwa nilivyomlilia wangu, na leo nikitaka kupalilia kaburi lake nabisha hodi kwa Projest.