Pengo Katikati ya Tumbo

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, fundi seremala alimnyanyua mtoto kitandani na kumkabidhi mkewe amnyonyeshe. Mtoto alikuwa na miezi miwili na nusu. Mama yake hakuweza kumnyanyua. Akijaribu, kiuno kilimkata, na katikati ya tumbo likatokeza tuta refu.

"Nimepasuka ndani, mume wangu," alisema siku moja, machozi yakimlengalenga. "Sijui kama nitawahi kumbeba mwanangu. Hebu gusa."

Fundi akagusa juu ya kitovu. Vidole viwili vikazama. Alishtuka, lakini akajikaza kiume.

"Hili ni pengo tu. Mapengo ndiyo kazi yangu."

Akaleta mkanda wa turubai anaobania mbao zilizopakwa gundi. Akamzungushia mkewe, akakaza.

"Unaniua!"

"Vumilia. Kitu hakiungiki bila kubanwa."

"Kwani mimi kabati?"

Alivumilia siku tatu. Siku ya nne alikohoa, na mkojo ukamtoka. Akajifungia chumbani kwa aibu. Fundi alibembeleza mlangoni mpaka akachoka, ndipo akamkimbilia jirani yao, mkunga wa kituo cha afya.

Mke alimfungulia mkunga mlango. Mkunga alianza kwa kufungua mkanda. Akampapasa tumbo taratibu.

"Hujapasuka, binti yangu. Fundi, lete kipande cha plaiwudi."

Fundi akakileta.

"Nyuzi zake zimelalaje?"

"Tabaka moja hivi, linalofuata limelikatiza. Ndiyo nguvu yake."

"Basi ubavuni mwa mkeo pia kuna matabaka, matatu ya misuli. La nje na la kati yamelala mshazari, yanakatizana. La ndani linazunguka kiuno kama mshipi. Mbele kuna misuli miwili mirefu, toka mbavuni hadi kinenani, imeunganishwa na utepe mgumu. Mimba imeuvuta utepe huo. Umelegea."

"Misuli yote hiyo ya nini?" mke akauliza.

"Inashikilia matumbo. Inakuinamisha, inakugeuza, inakusaidia kukohoa. Tena inategemeza mgongo na kiuno; sasa imelegea, ndiyo maana kiuno kinakuuma."

"Na mkanda wangu?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukiminya chupa laini katikati, maji yanakwenda wapi? Ulikuwa unasukuma kila kitu chini."

Fundi akainama. "Nisamehe, mke wangu."

"Ubao hauna pumzi," mkunga akasema. "Huyu anayo. Aanzie hapo."

Akamlaza chali, magoti juu. "Vuta pumzi. Sasa itoe polepole, huku ukivuta tumbo la chini ndani, taratibu. Mara kumi, asubuhi na jioni. Ukiamka, geukia ubavu kwanza, ujisukume kwa mikono. Usibebe mizigo mizito kwa sasa. Tuta likiwa gumu na kuuma, njoo kituoni siku hiyo hiyo."

Jioni ile fundi akajilaza sakafuni kando ya mkewe, vumbi la mbao nyweleni, akavuta pumzi naye.

"Wewe umezaa nini?" mkewe akamtania.

"Kitambi."

Wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Wiki zikapita. Pengo likapungua, mkojo ukaacha kumtoroka. Asubuhi moja mtoto alilia, fundi akanyoosha mikono.

"Acha."

Mkewe akageukia ubavu, akaketi. Akatoa pumzi, akamnyanyua mtoto hadi kifuani. Kiuno hakikusema kitu. Fundi akabaki na mikono hewani, macho yamemjaa maji.

"Mikono hiyo," mkewe akamwambia kwa upole, "kachemshie chai."