Kipete Kilichopotelea Kwenye Kahawa

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Ainembabazi alikuwa na kazi mbili kabla ya kuruhusiwa kwenda kucheza rede. Ya kwanza ilikuwa kugeuza kahawa iliyoanikwa uani juu ya turubai, ili ikauke pande zote. Kazi hiyo aliifanya akinung'unika. Ya pili aliipenda mpaka akasahau njaa: kumsaidia baba yake, Cleophace, kufufua pikipiki ya marehemu babu.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya silinda moja, na ilikuwa imelala ghalani miaka kumi na miwili. Kuku walishaigeuza kiota, na aliyetaka mayai pale nyumbani alijua pa kuyatafuta. Enzi zake, babu Apolinary, aliyekuwa katekista hapo kijijini Nyakasimbi, aliiendesha kwenda vigangoni, na mara nyingi alirudi amempakia mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Sasa mgonjwa alikuwa Bibi Benadeta, mjane wake. Miguu ilimvimba, na kila mwezi alitakiwa kufika kliniki kupimwa presha na kupewa dawa. Mwezi uliopita aliishia njiani. Watu walimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, viatu mkononi, akilia kimyakimya. Siku ileile Baba aliwafukuza kuku ghalani na kuitoa pikipiki nje.

Baba alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, si fundi. Fundi alikuwa jirani yao, Mzee Nizigiyimana, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana na kutengeneza injini maisha yake yote. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini vidole vyake vilikuwa havijasahau kitu. Alikaa kwenye kigoda akaelekeza, Baba akafungua na kusugua, naye Ainembabazi akasoma namba zilizochongwa kwenye vipuri na kumpa Mzee kila alichotaka.

"Wewe ndiye macho yangu," Mzee alizoea kumwambia. Ainembabazi akisikia hivyo, kichwa kilimvimba kidogo.

Kwa wiki kadhaa kazi ilisonga polepole. Kutu ya tangi waliitoa kwa kutia kokoto ndani na kulitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Kiti kilishonwa upya na fundi viatu. Kilichobaki ni pistoni, nayo ilibidi iagizwe Mwanza, kwa kuwa hata Kayanga mjini vipuri vya pikipiki ya umri ule havikupatikana. Ilifika Jumanne ndani ya boksi dogo, pamoja na pini yake na vipete viwili vya waya mgumu vya kuizuia pini hiyo isitoke.

"Boksi hili halifunguliwi mpaka Jumamosi, siku ya kufunga injini," Baba alisema. "Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, Baba."

Alisikia kweli. Lakini Jumatano, alipokuwa akigeuza kahawa, rafiki yake Immaculata, mjukuu wa Mzee Nizigiyimana, alikuja kumwita wakacheze. Baba alikuwa shambani. Basi ulimi ukamwasha Ainembabazi.

"Unataka kuona pistoni mpya?"

Akaenda kulileta boksi, akalifungua palepale kwenye ukingo wa turubai.

"Yesu wangu, inang'aa!" Immaculata alisema, akaigeuza huku na huku. Wakatoa na vipete, wakavijaribu vidoleni kama pete za harusi, wakacheka sana.

Mvua haikupiga hodi. Lilianguka tone moja, mara ikashuka yote. Kahawa ikilowa inaota ukungu na chama cha ushirika hakiipokei, kwa hiyo kila mtoto wa huko anajua la kufanya bila kuambiwa. Wasichana walitupa kila kilichokuwa mikononi, wakaanza kuikusanya kahawa na kuijaza magunia mbiombio. Bibi naye alitoka akichechemea kuwashikia midomo ya magunia. Kahawa yote ikapona.

Ainembabazi aliporudisha pistoni kwenye boksi, kipete kilikuwa kimoja.

Walikitafuta kwenye matope, chini ya turubai, mpaka ndani ya viatu vyao. Hakikuonekana.

"Si kipete tu?" Immaculata alinong'ona. "Kidogo hivyo, nani atajua?"

Ainembabazi alikumbuka ile spoku mbovu ya baiskeli iliyotupwa ghalani. Aliikata kwa koleo, akaikunja kwa kufuata umbo la kile kipete kingine, akaipaka oili. Vilipolala pamoja ndani ya boksi vilionekana mapacha. Alifunga boksi, akajiambia kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha hata kidogo. Alhamisi alirudi kutafuta tena pale uani, asikione. Ijumaa ikawa mbaya zaidi, kwani alimkuta Bibi akifua gauni lake la Pasaka.

"Jumatatu baba yako ananipeleka kliniki," Bibi alisema akitabasamu mpaka mapengo yote yakaonekana. "Nitakaa nyuma nimejinyoosha, watu wa pale njiani Kiruruma waulize huyo bibi harusi anatoka wapi. Namshukuru Mungu kwa ajili yenu nyote."

Ainembabazi aliitikia kwa kichwa, akaenda kujificha migombani.

Jumamosi asubuhi Mzee Nizigiyimana alifika akiongozwa na Immaculata.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, macho yangu. Leo ndiyo leo."

Mzee aliziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi, kitu kisije kikatumbukia ndani. Baba aliweka pistoni mahali pake, akapitisha pini. Mzee akanyoosha kiganja.

"Kipete."

Ainembabazi alimpa kile halali. Mzee alikipapasa, akampa Baba, nacho kikaingia mahali pake kwa sauti ndogo: tik.

"Cha pili."

Mkono wa Ainembabazi ulikuwa tayari umekishika. Alikitazama kile kiganja kilichofunguliwa mbele yake. Mwenye kiganja hakuwa na njia ya kuona anachopewa, na kwa sababu hiyo alimwamini yeye. Nyuma yao, gauni la Bibi lilikuwa likikauka kwenye kamba.

"Siwezi," alisema, machozi yakamtoka. "Hiki si chenyewe. Nimekitengeneza kwa spoku. Nilifungua boksi Jumatano, cha kweli kikapotea, nikaogopa."

Baba aliweka koleo chini. Alikunja uso, akakichukua kile kipete cha spoku, akakigeuzageuza mwangani.

"Unajua ungefanya nini?" Baba alisema hatimaye. "Spoku ingechomoka, pini ingetoka na kukwangua silinda. Injini ingekwama ghafla kwenye mteremko, bibi yako akiwa nyuma yangu."

"Nisamehe, Baba."

"Hata mimi nilikuwepo," Immaculata alisema, kichwa chini. "Mimi ndiye niliyesema hakuna atakayejua."

Mzee Nizigiyimana alikohoa. "Cleophace, hasira ina wakati wake. Kwanza tujue. Mwanangu, mara ya mwisho kipete kilikuwa wapi?"

"Kidoleni. Halafu mvua ikanyesha, tukakusanya kahawa."

"Basi kimo ndani ya kahawa," Mzee alisema. "Kilizolewa pamoja nayo. Cleophace, ile redio yenu iliyokufa bado ipo? Nataka sumaku ya spika yake."

Magunia yalikuwa manne, na gari la chama lilikuwa lije Jumatatu kuyachukua. Waliyamwaga moja baada ya jingine juu ya turubai. Wasichana walitandaza kahawa kwa viganja, Bibi akapepeta kwa ungo, Mzee akapitisha sumaku polepole juu ya kila fungu. Gunia la kwanza lilitoa msumari, la pili halikutoa kitu. Jua lilipanda, jasho likawatiririka, na hakuna aliyeomba kwenda kucheza rede.

Katikati ya gunia la tatu, sumaku ililia: tik. Mzee alipapasa, akatabasamu.

"Hiki hapa. Hiki hakihitaji macho."

Ainembabazi alimkumbatia Mzee shingoni mpaka kofia yake ikaanguka kwenye kahawa.

Mchana injini ilikuwa imefungwa. Baba alipiga kiki mara ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tano, ikatoa moshi mweupe, ikanguruma, kuku wakatawanyika kibanja kizima cha migomba. Bibi aliweka mikono kifuani. Sauti ile alikuwa hajaisikia tangu walipomzika mumewe, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Asante, Mzee wangu," Baba alisema, akaushika mkono wa jirani yake kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe utaianika na kuigeuza kahawa hii yote peke yako, leo na kesho. Lakini nakushukuru pia. Ungenyamaza, mimi nisingejua."

Bibi aliingia ndani, akatoka na kile kikapu kidogo chenye mfuniko, cha kahawa ya kutafuna, ambacho nyumbani kwao hutolewa kwa wageni wa heshima. Alimpa Mzee Nizigiyimana punje zake, akampa na Baba. Halafu akakisogeza mbele ya Ainembabazi, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajawahi kukaribishwa kikapu kile.

"Mimi, Bibi? Baada ya niliyoyafanya?"

"Chukua," Bibi alisema. "Kuharibu, kila mtu anaharibu. Babu yako aliwahi kuiingiza pikipiki hii mtoni na mafuta matakatifu mfukoni. Ila alirudi akasema mwenyewe, kabla hajaulizwa. Tangu hapo sikuwahi kuogopa kupanda nyuma yake. Na Jumatatu sitaogopa, maana najua kila kilichomo ndani ya injini hiyo. Umeniambia wewe."

Ainembabazi alichukua punje moja kwa mikono miwili, akaitafuna. Ilikuwa chungu kidogo. Aliimeza yote, akashukuru, kisha akaenda kugeuza kahawa.