Sarafu za Mzee wa Reynoldsburg

Jeffersontown, Louisville. Ijumaa mchana.

Chumba cha nyuma cha duka kilinuka samaki mkavu. Bagula, mkuu wa kundi, alikaza komeo, akaujaribu mlango tena. Huyo hata kivuli chake hakukiamini.

"Vestine anatunza muzee moja kule Columbus," alisema. "Muzee iko na sarafu za Waselti, za zamani kabisa. Jumapili akienda kanisani, Vestine anafungua, Nshombo anabeba. Miye niko Buffalo na mununuzi."

Akaonyesha picha kwenye simu. Farasi kwenye fedha nyeusi, kila singa ya shingoni ikionekana.

"Mutu akibadilisha hata moja, namuzika."

Nshombo, dereva, hakucheka. Alijua Bagula hatanii.

Reynoldsburg, Columbus. Jumapili, saa nne asubuhi.

Ilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Vestine na Nshombo wakatoka na kisanduku cha sarafu, wakapitia nyumbani kwa Vestine. Nshombo akafungua kisanduku, akasonya.

"Nyeusi hivi? Kwetu Kamituga ukipeleka mali muchafu, négociant, mununuzi wa zahabu, anakufukuza."

"Muzee hakuwa anazisafisha," Vestine alisema.

"Sababu ni muzee. Kamua ndimu, dada."

Akakamua. Nshombo akasugua kwa magadi na mchanga hadi fedha ikacheka. Alifurahi kweli, masikini.

Black Rock, Buffalo. Jioni.

Ruberwa, mnunuzi, aliinamia lenzi; Bagula, Nshombo na Vestine walisubiri. Akatazama farasi, akatazama ukingo. Akachukua nyingine.

"Singa iko wapi? Ni bandia, ao mutu amezikwaruza. Kwangu ni mamoja: sinunui."

Akaondoka. Bagula akailinganisha picha na sarafu. Bastola ikatoka.

"Donc, zile za kweli ziko wapi?"

"Ni hizi hizi, Grand! Nilizisugua. Uliza Vestine, ni yeye alikamua ndimu!"

Mtutu ukahamia kwa Vestine. "Ulimuona?"

Yeye na Nshombo waliimba kwaya moja tangu kambi ya wakimbizi. Watoto wake walimwita Nshombo mjomba. Lakini akisema ndiyo, naye ameharibu mali. Akayakwepa macho ya Nshombo.

"Hapana. Alinishusha kwangu, akaenda peke yake. Akarudi na hizi."

"Vestine," Nshombo alisema. Hakuwahi kuongeza neno.

Mlio wa risasi ulipoisha, Bagula aliokota ufunguo wa gari pembeni ya maiti, akamtupia Vestine.

"Bon. Endesha. Unionyeshe fasi alienda kuzificha."

Vestine akawasha gari. Hakujua apite njia gani.