Friji la Baraza ya Nyuma

Tak.

Kila alfajiri, dirisha likiwa bado jeusi, Loretta Novotny alisikia sauti hiyo kutoka jikoni. Lilikuwa komeo la friji. Mama alikuwa akitoa maziwa na siagi ili Baba ale kabla ya kwenda kiwanda cha chuma. Loretta aligeukia ukutani, akavuta blanketi, akasinzia tena.

Majira yale ya kuchipua walinunua friji jipya. Lile kuukuu likawekwa baraza ya nyuma, tupu, likisubiri gari la vyuma chakavu. Mama alimkumbusha Baba aung'oe mlango wake, maana watoto ni watoto. Baba alijibu kwamba angeung'oa Jumamosi. Jumamosi zilikuja, zikapita.

Loretta alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mwalimu alikuwa amemchagua apige tarumbeta peke yake kwenye gwaride la kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Verna Tibbs, aliyeketi nyuma yake darasani, aliitamani nafasi hiyo tangu akiwa mdogo. Kwa wivu aliwaambia wenzake kwamba Loretta hupuliza kama bata mwenye mafua, nao wakacheka. Jumanne akamwonya kwamba wakitoka shule atalikanyaga lile tarumbeta mpaka liwe sahani.

Sasa, jana yake, Jumatatu jioni, mtaa mzima ulikuwa umetazama kichekesho kimoja kwenye televisheni. Bwana mwembamba alimkimbia mpinzani wake mwenye wivu, akajificha ndani ya friji. Mpinzani alipekua hata chini ya zulia, akaondoka mikono mitupu. Yule bwana akatoka na barafu kwenye masharubu, akitafuna paja la kuku. Baba alicheka hadi akatokwa machozi.

Kwa hiyo Loretta alipofika nyumbani akihema, na viatu vya Verna vikisikika uchochoroni, alilitazama friji kuukuu. Mama alikuwa chini, chumba cha kufulia, mashine ikinguruma. Loretta angeweza kumkimbilia. Lakini alitaka kesho yake amcheke Verna mbele ya darasa. Akaliacha tarumbeta sakafuni, akajikunja ndani, akauvuta mlango.

Tak.

Alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile kutoka ndani.

Alingoja kicheko kimjie, hakikuja. Akausukuma mlango. Haukutikisika. Akapapasa kutafuta komeo, lakini upande wa ndani ulikuwa laini kama bakuli. Akamwita Mama, na sauti yake ikamrudia usoni, ya moto. Hewa ilianza kuwa nzito kama blanketi lililolowa.

Verna alifika, akaliona tarumbeta. Akalitazama friji, akatabasamu. Hata kwao walikuwa na televisheni.

"Toka, bibi tarumbeta," alisema, akiketi kwenye ngazi. "Au unasubiri masharubu yako yaote barafu?"

Friji likagongwa kutoka ndani. Verna akacheka. Likagongwa tena, polepole. Kisha likanyamaza.

Kicheko kikamkauka Verna mdomoni. Aliruka, akaushika mpini kwa mikono miwili, akavuta. Loretta akaporomoka sakafuni, amelowa jasho, midomo imekuwa ya buluu.

Mama alitokea na kapu la nguo. Alichokiona ni mwanawe chini, na Verna ameshikilia mlango wa friji.

"Umemfungia mwanangu," alisema, kwa sauti ndogo iliyotisha kuliko kelele.

Verna aliuachia mlango. Akakimbia.

Jioni ile Baba hakuvua hata viatu vya kazi. Alichukua bisibisi, akaung'oa mlango. Mama alisema kesho ataenda shuleni, na Verna hataligusa gwaride lile hata kwa kidole. Loretta alisikia yote akiwa amelala sebuleni. Hakutakiwa kufanya lolote, anyamaze tu, na Verna hatamsumbua tena. Akakumbuka ule upande wa ndani usio na komeo. Akainuka, akawaeleza jinsi ilivyokuwa.

Mama akavaa koti, akamshika Loretta mkono, wakatoka na Baba kwenda kwa akina Verna.

"Yule bwana wa televisheni alikuwa na watu nyuma ya pazia wa kumfungulia," Mama alisema njiani. "Wewe ulikuwa na Verna peke yake. Kosa la kwanza ni letu, wakubwa, tulioacha mlango ule mahali pake. La pili ni lako. La tatu ni langu mimi, niliyemhukumu mtoto wa watu kabla ya kuuliza. Mwanangu, uongo wa kunyamaza nao ni mlango wa namna ile. Aliye ndani hawezi kuufungua, mpaka aliye nje aushike mpini."

Mama Tibbs alifungua mlango, amekunja mikono kifuani. Nyuma yake alisimama Verna, macho yamevimba. Mama alitaka kuanza kusema, lakini Loretta akatangulia mbele yake.

"Verna ndiye aliyenifungulia."