Mililita Sitini

Kila siku ya likizo ile, kazi ya Kasuku ilikuwa moja tu: kupima mkojo wa baba. Cheka ukitaka, hata yeye alicheka siku ya kwanza. Siku ya nne hamu ya kucheka ilikuwa imemwisha.

Baba yake, fundi cherehani, alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Homa ya mapafu ilikuwa imemwangusha vibaya. Hajitambui, barakoa ya oksijeni usoni, na mpira mwembamba ukitoa mkojo kwenye kibofu na kuupeleka kwenye mfuko ulioning'inia chini ya kitanda. Wagonjwa sita, sista mmoja. Ndiyo maana ndugu walisaidia.

"Kila saa unafungua koki, unamwaga kwenye jagi, unasoma mstari, unaandika," sista alikuwa amemwelekeza. "Figo zikianza kugoma, mkojo ndio unaotuambia mapema. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, Sista. Mbona rahisi kuliko hesabu za darasa la saba!"

"Una mdomo wewe! Kumbe hilo jina la Kasuku hawakukuonea."

Baba ndiye aliyempa jina hilo. Alikuwa akishona huku binti yake akimsimulia vituko vya mtaa mzima, bila kupumua.

Basi siku hiyo ya nne, saa tatu, mama akaenda nyumbani kuchukua nguo. Kasuku akapima: mililita sitini. Akaandika. Akashusha chuma cha ubavuni mwa kitanda ili amfute baba uso. Mara akasikia kelele nje. Akatoka mpaka dirisha la ukumbini. Lo! Mafundi wanne walikuwa wanapandisha tangi la maji juu ya paa kwa kamba.

"Vuta, we goigoi! Umekula nini leo, pamba?"

"Vuta wewe mwenye kitambi!"

Tangi likayumba, likagonga ukuta, likarudi chini. Kasuku hakubanduka. Baba akiamka, hii ndiyo itakuwa hadithi ya kwanza.

Aliporudi ilikuwa saa tano na robo. Mfuko ulikuwa mkavu.

Labda sista amemwaga? Lakini akimuuliza, itajulikana kwamba hakuwepo. Akashika kalamu. Saa nne: sitini. Saa tano: hamsini na tano. Saa sita akafungua koki tena, tone halikutoka. Sasa kusema ukweli kulimaanisha kusema yote. Akaandika sitini. Sista akapita mbiombio, akaangalia karatasi, akatia sahihi.

Saa saba daktari aliingia akisukuma mashine yenye kioo kidogo.

"Vipimo vya damu vinaonyesha figo zinachoka," alisema. "Hebu tuzitazame."

Akapaka tumbo la baba mafuta mazito, akapitisha kifaa taratibu. Kwenye kioo kulitokea picha ya kijivu kama wingu.

"Figo zote mbili zimetanuka katikati. Ajabu." Akashuka chini ya kitovu. Doa kubwa jeusi likajaza kioo. "Maji haya. Mengi mno."

"Si kibofu hicho?" aliuliza sista.

Daktari akachukua karatasi. "Sitini, hamsini na tano, sitini. Mpira unatoa mkojo vizuri, kibofu kitajaaje hivi? Haya maji yatakuwa yamevuja tumboni. Mpigie daktari wa upasuaji."

"Upasuaji? Na hali hii?" Sista alishusha sauti. "Dawa ya usingizi ataihimili kweli?"

Daktari alimwonyesha simu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo. Sista akashika simu.

Kasuku, yule wa maneno mengi, alitafuta neno moja akalikosa. Kisha likatoka kwa nguvu, likamshtua hata yeye.

"Uongo! Hizo namba ni za uongo!"

Daktari akamgeukia.

"Nilitoka. Niliporudi mfuko ulikuwa mtupu. Tangu saa tatu mkojo haujatoka hata tone."

"Weka simu," daktari alimwambia sista. Akainama, akaufuata mpira kwa vidole, sentimita kwa sentimita. Chini ya kile chuma kilichoshushwa, ulikuwa umebanwa, umekunjika kabisa. Akakiinua chuma, akaunyoosha.

Mkojo ukatiririka. Akaubana kidogo, akaachia tena, polepole. Kwenye kioo, lile doa jeusi likaanza kusinyaa mbele ya macho yao. Mama akakaa sakafuni, akalia.

"Nisamehe, Mama. Nisamehe, Sista."

Sista alichuchumaa mbele yake. "Na mimi nilitia sahihi bila kugusa mfuko. Hilo nitalijibu mwenyewe. Lakini sikiliza, mwanangu. Mashine ilituonyesha maji, haikutuambia ni maji gani. Tuliiuliza karatasi yako. Ungeacha nafasi wazi ningekufokea, halafu ningeinama kuangalia. Namba ya uongo ilinifanya niridhike. Ukikosea sema palepale, hata ukitetemeka."

Saa nane Kasuku alipima: mia moja na kumi. Saa tisa: ishirini na tano tu. Akakimbia. "Sista, imeshuka!" Sista akaja, akaongeza kasi ya dripu.

Siku ya sita baba alifumbua macho. Alitazama huku na huku, akamwona binti yake kapiga magoti, jagi mkononi.

"Kasuku," alinong'ona, "mbona kimya?"

"Ngoja kwanza, Baba. Nasoma mstari."