Macho Mekundu ya Bibi Nyamizi

Kila siku baada ya masomo, Bertila alichota ndoo mbili za maji, akafagia uwanja, kisha akafungua madaftari yake. Alikuwa darasa la sita katika shule moja nje kidogo ya Ntalikwa, mkoani Tabora. Mwezi ule aliongezewa kazi moja. Mwalimu Wenceslaus, aliyefundisha historia, alimkabidhi kamera ndogo ya klabu ya habari. Alitakiwa kupiga picha za watu wanaoishi kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani.

Njia ile haikupendwa. Ilipita katikati ya miombo kama mfereji mkavu, na ardhi yake ilikuwa imeshindiliwa sana hata majani hayakuota. Watoto walipofika hapo waliacha kuzungumza bila kuambiwa. Nyumba moja tu ilikuwa karibu nayo. Aliishi humo Bibi Nyamizi, mjane ambaye majirani walimwajiri kulinda moto katika mabani yao, vile vibanda vya kukaushia tumbaku.

Jioni moja, jua likiwa limekwisha kushuka, Bertila alimkuta akitoka ndani ya bani, moshi ukimfuata.

"Shikamoo, bibi. Naomba nikupige picha ya shule."

"Marahaba, mjukuu wangu. Piga tu, ingawa leo nimevaa nguo za kazini."

Flashi iliwaka. Bertila alitazama kioo cha kamera. Giza lilikuwa limemeza bani na miti. Uso wa bibi ulielea peke yake ndani ya moshi, na macho mawili yaliwaka mekundu kama makaa. Aliinua kichwa haraka. Bibi alikuwa amesimama palepale, akitabasamu, macho yake meusi kama siku zote.

Alipofika nyumbani alimpiga picha mama yake jikoni, kwenye mwanga hafifu wa kibatari. Macho ya mama nayo yalitoka mekundu. Bertila aliitazama picha hiyo kwa muda, kisha akaifuta. Alifikiri kwamba picha ya kutisha haitamshangaza mtu ikiwa ziko mbili.

Asubuhi darasa zima lilimzunguka.

"Weee! Hayo si macho ya mtu," alisema Shilinde, aliyekaa naye dawati moja. "Na wewe ulikimbia, sema kweli!"

"Mimi nikimbie? Nilisimama nikamtazama," Bertila alijibu. "Kamera haidanganyi."

Maneno hayo yalitoka shuleni yakaingia majumbani. Wengine walisema Bibi Nyamizi hutembea na wapagazi waliofia njiani zamani. Wengine walisema ndama wa jirani hakufa bure. Hakuna aliyemwita tena kulinda moto. Siku moja jiwe lilitua juu ya bati la paa lake, likalitoboa, na aliyelirusha hakuonekana. Hatimaye Mzee Ezekia, mwenyekiti wa kitongoji, alitangaza mkutano wa Jumatatu. Wengi walitaka bibi ahame. Wachache walinong'ona jambo baya zaidi, na watu wazima walinyamaza kila watoto walipokaribia. Bertila alijua kwamba bibi vizee waliowahi kusemwa hivyo si wote waliopona.

Jumamosi adhuhuri, saa ambayo hakuna anayechota maji, alimkuta Bibi Nyamizi peke yake kwenye bomba.

"Mjukuu wangu, nionyeshe hiyo picha."

Bertila hakuweza kukataa. Bibi aliishika kamera kwa mikono miwili. Alitazama kwa muda mrefu bila kupepesa. Kisha akajigusa kope kwa kidole, taratibu, kama anayegusa kitu cha mwingine.

"Huyu ni mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Labda wanayosema ni kweli, na mimi mwenyewe sijui."

Bertila aliacha ndoo pale pale, akakimbia hadi nyumbani kwa Mwalimu Wenceslaus. Alimweleza yote, pamoja na picha aliyoifuta. Mwalimu hakumkemea. Alichukua simu akampigia Nasri, mpiga picha wa mjini Tabora.

Jumatatu Nasri alifika na kamera yake kubwa, akaazima na ile ndogo ya Bertila. Alimwomba mwenyekiti na watu kumi, Bertila na Bibi Nyamizi wakiwemo, waingie katika ofisi ya kitongoji, akafunga milango na madirisha. Wakakaa gizani. Mtu mmoja alianza kusali chini kwa chini. Ghafla flashi ya kamera ndogo ikawaka.

Nasri alifungua dirisha na kuwapitishia picha. Mzee Ezekia aliiangalia, akarudi nyuma hatua moja. Pichani macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya bibi.

"Mama yangu! Mwenyekiti naye!" alipaza sauti mwanamke mmoja. "Basi tuhame sote!"

Nasri alifunga tena, akapiga kwa kamera yake kubwa. Safari hii macho yalikuwa meusi.

"Gizani mboni hupanuka," alieleza. "Nyuma ya jicho kuna damu. Katika kamera ndogo, flashi imebanana na lenzi, kwa hiyo mwanga unaingia jichoni na kurudi moja kwa moja ukiwa mwekundu. Kamera yangu ina flashi iliyoinuka juu, na taa inayotangulia kuifinya mboni. Kila kifaa kina gharama. Anayetengeneza kamera ya bei ndogo huviacha vingine ili watu waimudu. Kamera ile haikuona uchawi. Imepungukiwa vifaa tu."

"Mbona hatukuambiwa mapema?" aliuliza Mzee Ezekia.

Bertila alisimama.

"Mama yangu alitoka hivyo hivyo siku ileile. Niliifuta picha yake, kwa sababu nilipenda watu wanizunguke. Nisamehe, bibi."

Bibi Nyamizi alimtazama.

"Nimekusamehe. Lakini tangu Jumamosi nimejiogopa mwenyewe, mjukuu wangu. Nilikuwa naufunika uso wangu hata nikiwa peke yangu."

Mzee Ezekia alivua kofia, akamwomba bibi radhi mbele ya wote. Aliagiza kwamba atakayemsema tena apelekwe kituo cha polisi. Kisha vijana wawili wakatumwa kuziba bati lililotoboka.

Watu walipotawanyika, Mwalimu Wenceslaus alimrudishia Bertila kamera.

"Hii ilikosea kwa sababu ya bei yake," alisema. "Haikupewa uwezo wa kufanya zaidi. Wewe uwezo ulikuwa nao. Ulijua ukweli ukaufuta, na mtu angeweza kufa. Mwenye ukweli mkononi akinyamaza, hutenda ubaya sawa na anayesema uongo. Umesema leo mbele ya watu, na hilo ni jema. Siku nyingine usingoje mkutano."